Zinki Iliwayo ili Rafadha Isalimike



Sifa zote njema zamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mama zangu na dada zangu, wiki mbili zilizopita alitujia mama mmoja, mjane wa nahodha, amebeba kifurushi ndani ya mkoba wake. Alipokifungua tulikuta kipande cha metali cha rangi ya kijivu, chenye umbo la nusu bangili nene, kimejaa mashimo kama mofa iliyoguguniwa na panya. "Mwanangu," akasema, "hiki ndicho kilichokuwa kikinimalizia fedha za mayatima wangu. Nikakataa kukinunua, na kukataa kwangu kumenigharimu zaidi."

Kisa chake ni hiki. Marehemu mumewe alimwachia yeye na watoto mashua ya tanga yenye mashine ndogo ya dizeli. Huiendesha mpwa wa marehemu pamoja na mabaharia wawili, na mapato hugawanywa kila mwisho wa mwezi. Kila baada ya miezi kadhaa kijana huyo huomba fedha za "zinki ya shafti". Mama akajiuliza, kama ambavyo yeyote mwenye kuchunga mali ya yatima angejiuliza: ni kitu gani hiki ambacho kila msimu hununuliwa na kila msimu huliwa? Akashuku kwamba anachezewa. Mwaka uliopita alikataa mara mbili, na kijana kwa aibu hakuisisitiza rai yake.

Jioni moja mashua ikirudi na abiria waliotoka harusini, mashine ilinguruma lakini chombo hakikusogea. Mapanga mawili kati ya matatu ya rafadha yalikuwa yamekatika. Alhamdulillahi, tanga lilikuwapo na upepo ulikuwa wa wastani. Walifika nyumbani baada ya Isha, wote salama. Lakini gharama ya rafadha mpya na shafti mpya ilizidi bei ya zinki za miaka mingi. Mama hakuja kwetu kulaumu. Alikuja kuuliza: "Je, nimewadhulumu wanangu?"

Swali hilo ni zito, na kwa kuwa nyumba nyingi za pwani yetu hula kwa chombo, tumeona tulijibu hapa ili faida iwafikie wengi.

Kwa nini kitu kiliwe?

Allah (S.W.) ameziumba metali na tabia mbalimbali. Zikitiwa katika maji ya chumvi, kila moja huwa na wepesi wake wa kuyeyuka na kuliwa. Zinki ni nyepesi sana kuliwa; chuma cha kawaida hufuatia; shaba na bronzi ni sugu zaidi; na ile metali ambayo mafundi huiita stenlesi, ikiwa katika hali yake njema, huwa sugu kupita hizo. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya bahari, mkondo mdogo wa umeme huanza kupita kati yake. Ile dhaifu huliwa kwa kasi, na ile sugu husalimika. Husalimika kwa sababu mwenzake anaitangulia.

Jambo hili limo majumbani mwetu. Chukua betri ya kawaida ya tochi, ile ya bei nafuu. Kopo lake la ndani ni zinki, na umeme unaowasha taa hutokana na kuliwa kwa kopo hilo. Ndiyo maana betri iliyosahauliwa ndani ya tochi mwishowe hutoboka na kuvuja. Tazama tena paa la bati: ni chuma kilichopakwa zinki. Hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo hutangulia kuliwa, na chuma kilichofunuliwa hukaa muda mrefu kabla ya kushika kutu. Zinki ikimalizika, kutu huingia.

Sasa tushuke chini ya mashua. Pale kuna shafti, aghalabu ya stenlesi, na mwishoni mwake rafadha, ambayo wengi huiita panga la mashine. Rafadha nyingi huuzwa kwa jina la bronzi, ilhali kwa hakika ni aina ya shaba ya manjano, mchanganyiko wa shaba na zinki inayokaribia asilimia 40. Metali hizi zote zimegusana na zote zimo katika maji ya chumvi. Bahari imeshapata betri yake. Ikiwa hapana kitu dhaifu zaidi cha kutangulia, itaanza kuila rafadha yenyewe, na itakachokila kwanza ni ile zinki iliyomo ndani yake. Umbo la rafadha hubaki vilevile, lakini rangi hugeuka ya waridi na nguvu hutoweka. Siku moja panga hukatika kama biskuti. Hilo ndilo lililoipata mashua ya mama yetu.

Kipande kile cha kijivu, ambacho wataalamu hukiita anodi, hufungwa kwenye shafti ili kiwe ndicho kiliwacho. Baina ya zinki na bronzi ndani ya bahari kuna tofauti ya takriban volti 0.7, isiyofika hata nusu ya betri moja ya tochi yenye volti 1.5. Ni nguvu ndogo, lakini hufanya kazi usiku na mchana, na maji yetu yenye joto huiharakisha.

Hapa tutanabahishe jambo. Tusije tukaichanganya zinki hii na zile kafara ambazo baadhi ya watu wa zamani walizitupa baharini chombo kiposhushwa, ambazo masheikh wetu wamezikemea. Zinki si hirizi. Haina baraka wala nuksi. Ni sababu miongoni mwa sababu alizoziweka Muumba, kama vile kalafati huzuia maji na kamba kushika nanga.

Elimu ya miaka 200

Mwaka wa 1824, mwanakemia wa Kiingereza Humphry Davy alieleza mbele ya wanachuoni wa Royal Society mjini London jinsi ya kuinusuru shaba iliyofunika matumbo ya manowari za Uingereza. Shaba hiyo ilikuwa ikiliwa na maji ya chumvi, na hasara ilikuwa kubwa. Davy akaonyesha kwamba kipande kidogo cha zinki au chuma kikiunganishwa na shaba, shaba hailiki. Njia hiyo ilijaribiwa kwenye manowari kadhaa, mojawapo ikiitwa Samarang.

Shaba ilisalimika kweli. Lakini likazuka jambo lisilotarajiwa: mwani na wadudu wa magamba wakaota kwa wingi juu yake, vyombo vikawa vizito na wazito wa kwenda. Ikabainika kuwa ni ule uyeyukaji mdogo wa shaba uliokuwa ukiwafukuza viumbe hao. Wakuu wa wanamaji wakauacha mpango huo kwa ajili ya shaba ya matumbo ya meli. Hata hivyo elimu haikupotea. Ndiyo hiyo inayolinda leo shafti, rafadha, mabomba ya chini ya bahari na nguzo za magati. Nasi tumepata funzo la ziada, kwamba kinga nayo ina kipimo chake.

Kuchagua anodi

Aina ni tatu, na kinachoamua ni maji ambamo chombo hulala.

Zinki ni ya maji ya chumvi. Kwa mashua inayokaa baharini muda wote, inatosha na imezoeleka. Aibu yake ni kwamba katika maji yaliyochanganyika na ya mto hujifunika gamba gumu na kulala usingizi. Inaonekana nzima, ilhali haifanyi kazi yoyote.

Aluminiamu ya anodi, ambayo si sawa na aluminiamu ya sufuria kwa kuwa imetiwa zinki kiasi na chembe za indiamu, hufanya kazi katika chumvi na katika maji mchanganyiko. Mashua zinazoingia na kutoka katika mdomo wa Mto Tana pale Kipini zafaa kutumia hii. Ni nyepesi mno: kipande cha ukubwa uleule huwa na uzito usiofika nusu ya ule wa zinki. Mama akiipima mkononi asidhani ameuziwa kitu hafifu, kwani kilo moja ya aluminiamu hubeba kinga zaidi ya mara tatu ya kilo moja ya zinki.

Magnesiamu ni ya maji baridi ya maziwa na mito. Ikitiwa katika bahari huliwa upesi sana, na nguvu yake hupita kiasi. Isitumike kwetu.

Usichanganye zinki na aluminiamu katika shafti moja. Aluminiamu itaibeba kazi yote peke yake na kumalizika kabla ya wakati.

Jambo la pili ni kipimo cha shafti. Ziko shafti za milimita 25, na ziko za inchi moja, ambayo ni milimita 25.4. Kwa macho ni sawa, lakini anodi ya moja haitaikumbata nyingine barabara. Isipogusana vizuri na shafti, ni sawa na kutokuwapo. Fundi apime kwa kipimo maalumu cha kubana, asikisie. Na ikiwa shafti imebaki fupi hata hapana nafasi ya bangili, kuna anodi za umbo la kofia zinazofungwa mwishoni mwa rafadha.

Kubadilisha

Anodi hubadilishwa inapoliwa nusu. Usingoje imalizike, kwa sababu kadiri inavyopungua ndivyo kinga inavyopungua, na skurubu zake hulegea hadi ikaanguka.

Watu wa pwani tumeneemeshwa na bamvua. Maji hupwa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, au siku moja mbili baadaye, na tofauti baina ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita 3. Basi chombo hukalishwa mchangani na kuegemezwa kwa magadi, na kazi yote humalizika kabla ya maji kurudi. Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani ndiyo ratiba yako: mwanzo wa mwezi na katikati ya mwezi, anodi itazamwe.

Kazi yenyewe ni hivi. Zinki ya zamani ifunguliwe. Mahali ilipokuwa pasuguliwe kwa msasa mpaka shafti ing'are, pasiwe na rangi, mwani wala grisi. Vipande viwili vya zinki mpya vifungwe kuikumbata shafti, vigongwe kwa upole kwa nyundo ili vikae, kisha skurubu zikazwe tena. Baada ya siku chache za safari zikazwe mara nyingine. Kati ya zinki na bushi inayoishika shafti ibakizwe nafasi isiyopungua vidole viwili, kwani bushi nyingi hupozwa na maji, na yakizibiwa njia itaungua.

Kisha lipo kosa ambalo limewaponza wengi: zinki isipakwe rangi. Chombo kinapopakwa dawa au shahamu na chokaa, zinki ifunikwe kwa karatasi. Zinki iliyopakwa rangi hukaa nzuri miaka mingi, na hapo ndipo rafadha hufa.

Kwa vyombo vyetu vya mbao kuna tahadhari zaidi. Asidanganyike mtu kwamba zinki tatu ni bora kuliko moja. Kinga ikizidi kiasi huzalisha maji makali ya namna ya magadi ya kufulia pembeni mwa metali, na hayo hulainisha ubao mpaka ukawa nyuzinyuzi. Ukiona unga mweupe na ubao laini pale chuma kinapopita katika mbao, mwite fundi. Israfu haifai hata katika kinga.

Kusoma dalili

Mwenye chombo anayekaa nyumbani anaweza kuijua hali ya rafadha yake bila kushuka majini. Aombe aletewe zinki iliyotolewa, na aiweke kwenye mizani ya jikoni. Tuseme mpya ilikuwa gramu 600 na ya zamani imerudi na gramu 300: imebadilishwa kwa wakati wake. Aandike katika daftari tarehe na uzito. Baada ya mara tatu nne ataijua desturi ya chombo chake.

Zinki ikirudi nzima kama ilivyotoka dukani, asifurahi. Ama ilipakwa rangi, ama haikugusana na shafti, ama ni ya maji yasiyofaa. Na ikiwa zinki iliyozoea kudumu miezi sita imemalizika kwa wiki tatu, asiharakishe kununua mbili. Huenda waya wa pampu umelala katika maji ya ngamani na umeme wa betri unavujia baharini. Hapo anatakiwa fundi wa umeme, kwa sababu umeme unaovuja huila metali kwa kasi ambayo zinki haiwezi kuistahimili.

Rafadha nayo ichunguzwe. Rangi ya manjano ni njema. Mabaka ya waridi ni onyo. Igongwe kidogo kwa kipande cha mti: iliyo hai hulia kama kengele, na iliyooza ndani hutoa sauti butu.

Jibu kwa mama yetu

Tunarudi kwa aliyetuuliza. Ewe mama yetu, hukuwadhulumu wanao kwa kuuliza. Mwangalizi wa mali ya yatima ambaye hutoa fedha bila kuuliza ndiye anayecheza na amana. Kosa, ikiwa lipo, ni kwamba swali lilibaki moyoni likageuka shaka, na shaka ikageuka kukataa. Kijana naye, kwa heshima aliyo nayo kwako, aliona haya kueleza mara ya pili. Heshima iliyowanyamazisha nyote wawili ndiyo iliyoikata rafadha. Lau angekuketisha na kukuonyesha kipande hiki, akakwambia, "Mama, mashimo haya yangekuwa kwenye panga," ungempa fedha hizo na dua juu yake.

Kila Ijumaa wengi wetu husoma Surat al-Kahf. Humo kimo kisa cha Nabii Musa (A.S.) na mja mwema, ambao wanavyuoni humtaja kuwa ni Khidhr. Alikiharibu kidogo chombo cha maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, na Musa akashangaa, mpaka alipofahamishwa kuwa uharibifu ule mdogo ulikinusuru chombo kizima na mfalme mporaji. Katika kisa hichohicho uko ukuta wa mayatima wawili uliokaribia kuanguka, ukasimamishwa bila ujira, kwa kuwa chini yake ilikuwamo hazina yao. Hatusemi kwamba aya zinazungumzia zinki. Tunajikinga na kufasiri kwa matamanio. Tunakumbusha tu kwamba anayepata hasara ndogo kwa ajili ya kuhifadhi mali ya wanyonge hajapoteza, na kwamba hata Musa aliruhusiwa kuelezwa.

Basi kuanzia leo, fundi au nahodha akija na ombi la zinki, muulize maswali matatu bila ukali. Ya zamani iko wapi, niione? Imedumu muda gani? Umesafisha shafti, na hukuipaka rangi? Mwenye kazi safi atayajibu kwa furaha. Na ukitoa fedha, iandike katika hesabu za mayatima kama matengenezo, kwa uwazi, ili watakapobaleghe na kukabidhiwa mali yao waone jinsi ilivyotunzwa.

Usafiri wa abiria ni amana nyingine juu ya hiyo. Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui aliyemwacha ngamia wake huru kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Tanga liliwafikisha watu wale nyumbani jioni ile, kwa rehema za Allah. Siku nyingine upepo huenda usiwepo.

Mama yetu ameshanunua zinki mpya mbili, moja ya kufungwa na moja ya akiba, na ametuomba tumrudishie ile ya zamani. Anasema ataiweka katika kabati ya vyombo, watoto wakimuuliza awaeleze. Maji ya bamvua ya mwezi ujao, in shaa Allah, mpwa wake ameahidi kumpeleka ufukweni akaione rafadha kwa macho yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi mabaharia wetu, azibariki riziki za nyumba zetu, na atujaalie kuwa waaminifu wa tulivyokabidhiwa. Wabillahi tawfiq.